Nani amemkataza mwenye kifafa kuzaa?

Baba mmoja aliniuliza baada ya darsa hapa Mkumbi, wilayani Mbinga: Binti mwenye kifafa aolewe na azae, au asubiri malipo yake Akhera? Posa ya bintiye imerudishwa mara mbili.

Wapo wanaojibu kwa Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke mweusi aliyemlalamikia Mtume (SAW) kuhusu kifafa. Alipewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba asifunuke mwili anapoanguka. Akaombewa.

Ndugu msomaji, zingatia. Mwanamke yule alichagua mwenyewe. Sisi mabinti zetu hatuwaulizi. Tunawachagulia subira kisha tunaiita dini. Na Mtume huyo huyo ameamrisha tujitibu.

Madaktari wanasemaje? Kifafa hakiambukizi kwa mate wala povu. Hofu hiyo Dk. Louise Jilek-Aall aliikuta Mahenge, mkoani Morogoro, alikoanzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, na bado inavunja posa. Wala ugonjwa huu si kifafa cha mimba, ambacho huletwa na ujauzito na huambatana na shinikizo la damu. Wengi wenye kifafa huzaa watoto wazima.

Hatari ipo, tusiifiche. Dawa ya valproeti ikitumiwa katika ujauzito, takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro za maumbile, na watatu hadi wanne kati ya kumi huweza kuchelewa kukua kiakili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kuwa wanawake wa umri wa kuzaa wasiandikiwe dawa hiyo. Lakini kuacha dawa ghafla nako kunaweza kuua mama na mtoto. Basi mke na mume wamwone daktari kabla ya mimba, dawa ibadilishwe kwa utaratibu ikibidi, na mama aanze vidonge vya foliki asidi mapema. Huko ndiko kumfunga ngamia, kisha kutawakali.

Kwa hiyo mchumba aambiwe ukweli siku ya posa. Kuficha ni udanganyifu, na mke anayeficha ugonjwa humeza dawa kwa kujificha, mwishowe huiacha. Akijua na akaridhia, sisi wengine tuna hoja gani?

Nilimjibu yule baba: Muulize binti yako anataka nini, kisha mpeleke hospitali.

Wabillahi Tawfiq.