Anayejua bei akinyamaza, amedhulumu?

NDUGU msomaji, swali la leo ni dogo kwa sura lakini ni zito kwenye mizani. Mtu akikuuzia kitu kwa bei ndogo kwa sababu haijui thamani yake, na wewe unaijua, ukanyamaza na kulipa alichotaja, je, umefanya biashara au umedhulumu? Hukusema uongo. Hukumlazimisha. Bei ameitaja mwenyewe. Wengi wetu mjini tutajibu haraka kwamba hiyo ni riziki. Nami ningejibu hivyo hivyo, mpaka siku nilipokwenda Lushoto.

Nilikwenda kwenye msiba wa jamaa, katika kijiji kimoja juu ya Soni. Anayeijua njia ya Mombo kwenda Lushoto anajua kuwa ni kilometa zipatazo 33 za kona na makorongo, na kwamba milima ile si nchi ya baiskeli kama ilivyo Shinyanga. Kwa hiyo nilishangaa kuona baiskeli kuukuu imeegemezwa nyuma ya jiko la jirani wa wafiwa, mzee anayekaribia miaka tisini. Aliniambia aliinunua Tanga mjini, dukani kwa Mhindi, kwa fedha za kukata mkonge huko Korogwe alipokuwa kijana. Alipoacha kazi aliipandisha mlimani kwa kuisukuma.

Sasa anaiuza. Macho yamemtia giza na anatafuta nauli ya kwenda hospitali Moshi. Mnunuzi wa vyuma chakavu amempa shilingi 30,000. "Wewe mtoto wa nyumbani," akasema, "nipe 50,000 uichukue."

Ujana wangu niliumalizia kwenye kibanda cha fundi baiskeli, mjomba wangu, kwa hiyo nikainama kuikagua. Kwanza nilitazama chini ya usukani. Kibati cha nembo kilikuwepo, chenye kichwa cha ndege wa jamii ya korongo, alama ya Raleigh ya Nottingham, Uingereza. Lakini mjomba alinifundisha kuwa kibati si ushahidi. Kibati hung'olewa hapa kikapigiliwa pale, na baiskeli nyingi za India na China zimefuata umbo la Raleigh. Nikashuka kwenye uma wa mbele. Mabega yake yalikuwa ya mviringo, mfano wa vikombe viwili vya kahawa vilivyofunikwa, kama Raleigh za zamani. Gia kubwa ya pedeli nayo ilikuwa imekatwa kwa sura ya ndege yule yule.

Nikaomba mafuta ya taa na kitambaa, nikafuta kitovu cha gurudumu la nyuma. Yakatokea maandishi: Sturmey-Archer, herufi AW, na tarakimu 58. Hizo ni gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu, na kiwanda kile kilikuwa na desturi ya kugonga tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Kitovu kilitoka mwaka 1958. Gurudumu huweza kuhamishwa kutoka baiskeli moja kwenda nyingine, hivyo nikalinganisha na maelezo ya mzee, yakakubaliana. Rangi nyeusi ya asili ilikuwepo, na mistari ya dhahabu bado inaonekana. Tandiko lilikuwa la ngozi, la Brooks. Kasoro pia zilikuwepo: gurudumu la mbele si la asili, na bomba la chini la fremu limewahi kuchomelewa.

Niliposimama nilijua kuwa kile si chuma chakavu. Mjini wapo wanaozitafuta baiskeli hizi, wapenzi wa vitu vya kale na wenye hoteli. Kwa makadirio yangu, hata kwa kasoro zake, haikuwa chini ya shilingi 250,000. Mzee akauliza, "Umeionaje, mwanangu?" Nikajibu, "Ni nzima, babu. Kesho nitaleta hela."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijitetea kwa hoja nzuri tu. Ujuzi wangu ni mtaji wangu, nimeutolea jasho na miaka. Daktari halipwi kwa ujuzi wake? Tena Uislamu haukukataza faida. Tunasimuliwa katika Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari moja, akarudi na kondoo na dinari, na Mtume (s.a.w.) akamuombea baraka katika biashara yake. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Tanga na pwani tunayafuata, kupunjika bei peke yake, bila ya udanganyifu, hakumpi muuzaji haki ya kuvunja mauzo. Kwa hiyo kisheria baiskeli ni yangu. Nini tena?

Tatizo ni kwamba kila hoja ilikuwa inakwepa jambo moja. Yule mzee hakuwa mfanyabiashara mwenzangu sokoni, ambaye naye ana macho na njia ya kuulizia bei. Aliniuliza. Aliposema "umeionaje" alikuwa ananiazima macho yangu, kwa kuwa yake hayaoni tena tarakimu zilizogongwa kwenye chuma. Jibu langu halikuwa na neno la uongo, lakini lilikuwa limekatwa nusu, na nusu iliyobaki niliitia mfukoni mwangu. Daktari hulipwa kwa kumwambia mgonjwa ukweli. Mimi nilitaka kulipwa kwa kuuficha.

Wanazuoni waliliona jambo hili zamani. Mahanbali wanampa hiari ya kuvunja mauzo mtu asiyejua bei ambaye ameweka imani yake kwa mwenzake, akapunjwa kupita kiasi. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuutokea msafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni wakajua bei, na mwenye mali akapewa hiari akishafika sokoni. Wala tusidhani ni habari za ngamia tu. Muulize mkulima wa kabichi wa Lukozi au wa karoti wa Mlalo ni mara ngapi amekutana na dalali shambani, kabla ya kupata habari za Kariakoo.

Kisha kuna kisa cha swahaba Jarir bin Abdillah, alichokipokea Tabarani. Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomuona farasi akamwambia mwenyewe kuwa farasi wake ana thamani zaidi, akaongeza mia, akaongeza tena, mpaka akalipa 800. Alipoulizwa, alieleza kwamba alimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Hakuna kadhi ambaye angemlazimisha alipe ziada ile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sheria inaweka sakafu ambayo haturuhusiwi kushuka chini yake, na sisi wa mjini tumeifanya sakafu kuwa dari.

Qur'an imeihalalisha biashara kwa sharti la kuridhiana. Hebu tujiulize, mzee aliridhia nini? Aliridhia kuuza chuma chakavu. Raleigh ya mwaka 1958 hakuridhia kuiuza, kwa sababu hakujua kama anayo. Basi kipimo kiwe hiki: je, bei hii ningeweza kuilipa huku mwenzangu anayajua yote ninayoyajua mimi? Kama jibu ni hapana, ridhaa ile ina kasoro, hata tukishikana mikono mbele ya mashahidi kumi.

Asubuhi nilikwenda nikamweleza yote, nembo, kitovu, tandiko, na bei ya mjini. Alisikiliza kimya, kisha akauliza neno moja: "Kwa hiyo jana ulikuwa unajua?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilisema, "Nilijua, babu. Nisamehe." Akasema amesamehe, lakini swali lile nimerudi nalo Dar es Salaam na bado ninalo. Tunadhani dhulma inaanza fedha zikishabadilishana mikono. Mzee alinionyesha kwamba ilianza pale nilipoinuka kwenye kitovu kile na kumeza mate.

Tulikubaliana niwe wakala wake, kwa ujira wa shilingi 30,000 alioutaja yeye. Huo ndio uhalali wa ujuzi wangu, na ndio mlango alioupita Urwa. Niliiuza kwa shilingi 280,000 kwa mtu anayezipenda. Naye pia nilimwonyesha gurudumu lisilo la asili na pale palipochomelewa, na kwa ajili hiyo akapunguza bei. Sikuipaka rangi wala kuficha kiraka. Yule mtu wa sokoni aliyefunika nafaka iliyolowa kwa nafaka kavu, Mtume (s.a.w.) akaingiza mkono na kukuta umajimaji, anatosha kuwa onyo kwa kila muuzaji wa vitu vikuukuu.

Kwa hiyo ukaguzi wa mali kabla ya kuuza una uzito wa ibada. Mwenye mali aikague, asije akajidhulumu mwenyewe au akamuuzia mwenzake asichokijua. Na aliyeombwa kukagua, aseme alichokiona chote, hata kama maneno hayo yatampandishia bei yeye mwenyewe. Nyumba ngapi zetu tumezijaza vitu tulivyovipata "kwa bahati" kutoka kwa wajane, wazee na watu wa shamba? Leo tukimpigia simu kila mmoja wao na kumweleza tulichokijua siku ile, wangapi wangetuuliza swali la mzee yule?

Allah (s.w.t.) atujaalie tuwe wepesi wa kusema kabla ya kuulizwa. Wallahu aalam.