Mtungi wa Mama na Matangi ya Mwanza

Mama yangu huhifadhi insulini yake kwenye friji ya jirani, mwenye duka la vinywaji, nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Nyasura. Sisi hatuna friji. Chupa zake hukaa ndani ya kikombe cha plastiki, nyuma ya soda, na mwenye duka ameandika jina la mama juu ya kikombe ili mteja asije akazigusa. Desemba iliyopita, nilipokuwa likizo, dhoruba iliangusha nguzo za umeme na sehemu kubwa ya mji wa Bunda ikakaa gizani siku nne. Siku ya kwanza friji ilikuwa bado na ubaridi. Siku ya pili mwenye duka alikuja mwenyewe, ameshika kile kikombe kwa mikono miwili, akamwambia mama, "Soda naweza kuziuza za moto. Hizi siwezi kukudanganya."

Mama hakulalamika. Alitoa mtungi wa zamani wa kupozea maji, akauweka ndani ya karai lenye mchanga, akaulowesha mchanga, akatia chupa ndani ya kopo lenye mfuniko na kulishusha mtungini. Juu akafunika kitambaa kibichi. Kazi yangu ikawa kunyunyiza maji kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Siku ya tatu mabomba yakakauka, kwa kuwa maji yetu yanavutwa kwa pampu kutoka Ziwa Victoria, na pampu haiendi kwa maombi. Tukaanza kununua madumu kwa bodaboda. Nikawa nachagua: maji haya ni ya kunywa, ya kupikia, au ya mtungi?

Kwenye begi langu kulikuwa na rasimu ya tasnifu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika falsafa, na nimejipa kazi ya kuandika kuhusu maadili ya kushambulia, au kutishia kushambulia, mitambo ya nishati wakati wa vita. Katika rasimu ile nilikuwa nimeuita umeme "miundombinu yenye matumizi ya pande mbili", ya kiraia na ya kijeshi. Usiku wa tatu niliisoma tena kwa mwanga wa simu iliyobakiwa na chaji kidogo. Haikuwa na kosa la hoja. Ila ukiisoma usingejua kwamba upande mmoja kati ya hizo mbili una mtu anayeamka usiku kulowesha mchanga.

*

Watu wa huku hawahitaji kwenda mbali kuitafuta mifano. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa dereva wa lori la jeshi katika vita vya Kagera. Jioni ya siku ya nne, umeme ukiwa bado haujarudi, nilimkuta ameketi nje na redio ya betri. Baada ya shikamoo na marahaba nilimuuliza anakumbuka nini kuhusu siku ambayo Mwanza ilipigwa bomu.

"Nilikuwa Uganda tayari," alisema. "Tulisikia tu. Walitaka matangi ya mafuta, wakaua swala."

Ndivyo ilivyokuwa. Machi 1979, majeshi yetu yakiwa yanasonga kuelekea Kampala, Muammar Gaddafi, aliyekuwa upande wa Idi Amin, alimpa Mwalimu Nyerere saa 24 kuyaondoa majeshi hayo, la sivyo Libya ingeingia vitani. Mwalimu alikataa. Mwishoni mwa mwezi huo ndege ya Libya aina ya Tu-22, ndege kubwa ya kudondosha mabomu iliyoundwa na Wasovieti, ililenga ghala la mafuta la Mwanza. Ilikosa. Mabomu yaliangukia Kisiwa cha Saa Nane, hifadhi ndogo ya wanyama iliyo karibu kabisa na mji, yakaua swala na ndege. Tanzania ikajibu: ndege zetu zikaenda kupiga maghala ya mafuta ya Uganda, yakiwamo ya Kampala na Jinja.

Nimesimuliwa kisa hiki tangu utotoni, na kila mara kimesimuliwa kwa kicheko. Adui mjinga, swala wenye bahati mbaya, marubani wetu hodari. Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza: kama wao walikosea kulenga mafuta yetu, sisi tulipatia vipi kulenga ya kwao?

Nilimuuliza babu. Alipunguza sauti ya redio.

"Mjukuu wangu, mimi nilikuwa naendesha lori. Lori bila mafuta ni kibanda. Kifaru bila mafuta ni jiwe. Ukimnyima adui mafuta umemwokoa hata askari wake, maana atakimbia badala ya kufa. Sasa wewe unataka tumpige wapi?"

Ni hoja nzito, na sheria ya vita haiko mbali nayo. Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, iliyopitishwa mwaka 1977, inasema katika Ibara ya 52 kwamba kitu huwa shabaha halali ya kijeshi kikitimiza masharti mawili. Kwanza, kwa asili yake, mahali kilipo, kusudi lake au matumizi yake, kiwe kinachangia kwa dhati shughuli za kijeshi. Pili, kukiharibu kwa mazingira ya wakati huo kulete faida dhahiri ya kijeshi. Ghala linalojaza malori ya jeshi linaweza kutimiza yote mawili. Lakini basi tukubali matokeo: lori la babu yangu nalo lilikuwa likinywa mafuta ya nchi yetu, na ghala la Mwanza, kwa kipimo hichohicho, lingeweza kuwa shabaha halali. Kosa la ndege ile halikuwa lazima kulenga mafuta. Lilikuwa zaidi katika namna: kudondosha mabomu pembeni mwa mji uliojaa watu, kwa usahihi mdogo kiasi cha kupiga kisiwa. Ibara ya 57 inadai tahadhari. Swala wa Saa Nane ni ushahidi wa jinsi tahadhari ilivyokuwa.

Na upande wetu? Kama maghala ya Uganda yalipigwa kwa kuwa yaliwaendesha askari wa Amin, hoja ya babu inasimama. Kama yalipigwa kwa kuwa Mwanza ilipigwa, hiyo ni hoja nyingine. Itifaki hiyo inakataza kulipiza kisasi kwa kushambulia mali za raia. Mwalimu, alipotangaza vita Novemba 1978, alituachia maneno matatu ambayo kila Mtanzania anayajua: uwezo, sababu, nia. Nadhani lipo la nne ambalo vita vyote huliuliza, vya haki na vya dhuluma: njia. Sababu njema haiisafishi kila njia.

Kuna jambo katika tarehe ambalo lilinifanya nisimame kidogo niliposoma. Itifaki ile ilianza kutumika tarehe 7 Desemba 1978, vita vya Kagera vikiwa katikati. Ilihitaji nchi mbili za kwanza kuiridhia. Ya kwanza ilikuwa Ghana. Ya pili ilikuwa Libya. Nchi iliyosaidia kuipa uhai sheria ya kuwalinda raia ndiyo iliyotuma ndege Mwanza kabla sheria hiyo haijafikisha miezi minne. Tanzania yenyewe ilijiunga mwaka 1983. Kwa hiyo hatuwezi kumhukumu mtu kwa saini peke yake, wala kumwachia huru kwa kukosa saini.

*

Hadi hapo nimezungumzia mabomu. Swali langu gumu zaidi ni la maneno. Je, kutishia tu, bila kupiga, ni kosa?

Wenzangu darasani wengi husema tishio ni afadhali. Tishio halivunji nguzo. Likifanikiwa, vita vinaisha bila mtu kufa. Mimi pia niliamini hivyo mpaka nilipofikiria tangazo la kawaida la kukatika umeme. Mama akipata ujumbe kwamba Jumamosi umeme utakatika kwa matengenezo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, anashukuru. Anajaza ndoo, anaandaa mtungi, anamtuma mtoto kwa mwenye duka. Ujumbe ule ni onyo, na unamheshimu mama kwa kuwa unamwachia la kufanya.

Sasa chukua ujumbe mwingine: serikali yenu isipofanya tunavyotaka, tutazima mitambo yenu yote. Mama atafanya nini? Hana majeshi ya kuondoa. Hana mkataba wa kusaini. Ujumbe umesemwa hadharani ili yeye ausikie, lakini wa kuujibu si yeye. Hofu yake inatumika kumsukuma mtu mwingine. Kwa Kiswahili tuna neno la kitu kinachoshikiliwa ili mwenye deni alipe: rehani. Mama amewekwa rehani kwa deni ambalo hakukopa.

Hapo ndipo naona mpaka kati ya onyo na tishio. Onyo humwambia raia afanye nini ili apone. Tishio humwambia mtawala kwamba raia hatapona. Sheria inautambua mpaka huu kuliko nilivyotarajia. Ibara ya 57 inadai onyo la kufaa litolewe kabla ya shambulio linaloweza kuwadhuru raia, hali ikiruhusu. Ibara ya 51 inakataza si vitendo vya ukatili peke yake, bali hata vitisho vyake, pale dhumuni kuu linapokuwa kueneza hofu miongoni mwa raia. Sentensi ileile, "kesho tutapiga kituo chenu cha umeme", inaweza kuwa wajibu au uhalifu. Inategemea inamtaka nani afanye nini.

Tuna methali ya tembo na nyasi, nayo husemwa katika kila mjadala wa vita. Nadhani hapa haifai. Katika methali ile nyasi huumia kwa sababu tembo hawaangalii chini. Anayetishia umeme wa mji mzima ameangalia chini vizuri sana, na amezichagua nyasi.

Hili si la 1979 peke yake. Agosti 1998 waasi wa Kongo walioungwa mkono na Rwanda waliliteka bwawa la Inga, na Kinshasa, mji wa mamilioni, ikakatiwa umeme. Januari 2025 mapigano yalipofika Goma, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na watu wakashuka na madumu kuchota maji ya Ziwa Kivu yasiyotibiwa. Nilipoona picha zile niliyatambua madumu kabla ya kuwatambua watu. Ni ya njano, kama yetu. Mwaka 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kukamatwa kwa maafisa wanne wa ngazi ya juu wa Urusi, Sergei Kobylash, Viktor Sokolov, Sergei Shoigu na Valery Gerasimov, kuhusu mashambulizi dhidi ya mitambo ya umeme ya Ukraine. Bado ni watuhumiwa. Lakini majaji walisema jambo la msingi: hata kama baadhi ya mitambo ile ingehesabiwa kuwa shabaha za kijeshi, madhara yaliyotarajiwa kwa raia yalizidi waziwazi faida iliyotarajiwa. Kwa maneno mengine, kuuita umeme "wa pande mbili" hakumalizi hoja. Ndipo hesabu inapoanza.

*

Nilimweleza babu yote haya, kwa urefu kuliko ilivyompendeza. Aliponyamaza nilidhani amelala. Kisha akasema, "Lakini lile bwawa la Jinja hatukuligusa."

Nililijua kwa vitabu. Tarehe 22 Aprili 1979, siku kumi na moja baada ya Kampala kuanguka, majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda waliingia Jinja na kulitwaa bwawa la Owen Falls likiwa zima. Bwawa lile liliipa Uganda umeme wake, na sehemu ya Kenya pia. Kulikuwa na hofu kwamba askari wa Amin wangelilipua kabla ya kukimbia.

"Nani aliwaambia msiliguse?"

"Tuliambiwa lilindwe. Basi." Akafikiri. "Usiku ule mji ulikuwa na taa. Sisi tulikuwa tumezoea giza la porini. Nakumbuka niliona mwanamke anapiga pasi dirishani. Vita vyote vile, na mtu anapiga pasi."

Sitaki kumfanya babu awe mtakatifu, wala jeshi letu. Anayetaka kuukalia mji huhitaji umeme wake. Kulilinda bwawa kulikuwa na faida za kijeshi. Na babu huyohuyo bado anacheka swala wa Saa Nane. Lakini naona kwamba mtu mmoja anaweza kubeba mambo mawili bila kujipinga: mafuta ya jeshi yanaweza kupigwa, kwa tahadhari, na taa ya mwanamke yule hairuhusiwi kugeuzwa kamba ya kumvuta mtawala wake.

Nasi tuna cha kupoteza. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, sasa linabeba sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii mahali pamoja. Ibara ya 56 inayapa mabwawa ulinzi wa pekee kwa sababu ya maji yaliyo nyuma yake na watu walio chini yake. Mtanzania anayeshangilia redioni nchi fulani ikitishiwa kuzimiwa umeme ajue kanuni anayoishangilia inaweza kurudi kwake.

Umeme ulirudi usiku ule karibu saa nne. Mtaa mzima ulipiga kelele kama vile Taifa Stars wamefunga. Mama hakutoka nje. Alikwenda kwenye mtungi, akatoa kopo, akazishika chupa moja moja shavuni kupima ubaridi, kisha akaniambia niende nazo kwa jirani kabla hajafunga duka. Njiani nilikishika kile kikombe kwa mikono miwili.

Rasimu nimeiandika upya. Neno "pande mbili" bado limo, maana ni la kweli. Ila sasa, kila linapotokea, mstari unaofuata unauliza upande wa pili anaishi nani, na ameambiwa afanye nini.