Herufi Mbili za Nyumbani

Mkeka ulikuwa umetundikwa ukutani kwa waya, na pembeni yake kikaratasi kikisema umesukwa kwa ukindu na umetiwa rangi. Mama mmoja wa makamo aliusogelea, akapenyeza mkono kwa nyuma, akawa anaufuata mshono kwa kidole, ukili baada ya ukili. Kijana wa zamu akamwendea.

"Shikamoo, mama. Samahani, vitu vya maonyesho havishikwi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi siushiki, naukagua."

Nilikuwa upande wake. Uso wa mkeka una rangi za kukughilibu. Mgongo ndio unaosema kama aliyeushona alikuwa na haraka. Pale ukutani tulikuwa tumepewa uso tu.

Maonyesho yalikuwa ya mkoa mzima. Wasusi, wafinyanzi, wachongaji na watoto wa shule na michoro yao walikuwa wameombwa walete kazi inayohusu nyumbani. Wakaleta vyungu, makawa, kanga, mbuzi ya kukunia nazi iliyopakwa vanishi (nani atakuna nazi kwenye vanishi?), na picha nyingi sana za vibanda vyenye mnazi pembeni. Nilizunguka ukumbi mara mbili nikiwa na kero nisiyoijua. Mara ya tatu nikaijua: tumeagizwa nyumbani, tumeleta nyumba.

Tofauti yake ni herufi mbili, lakini herufi hizo zina kazi kubwa. Nyumba ni kitu. Hujengwa, hupangishwa, huwekwa rehani, hugombewa mahakamani. Ukiitia -ni mwishoni inaacha kuwa kitu, hata ngeli yake inaikimbia: hatusemi tena yangu, tunasema kwangu, pangu, mwangu. Nyumbani pamefagiwa, nyumbani kuna wageni, nyumbani mna moshi. Mtu hununua nyumba; sijamsikia aliyenunua nyumbani. Lugha imeshaamua, kabla ya wanafalsafa kuamka, kwamba jambo hili ni mahali, na mahali hapawezi kutundikwa kwa waya.

Tena wakati mwingine hata nyumba yenyewe haihitajiki. Marehemu mama yangu alihama nyumba za kupanga tano, na zote, pamoja na ile iliyovuja juu ya kitanda, tuliziita jina moja: kwa mama. Alipofariki, ile ya mwisho ilibaki na sufuria zake, pazia zake na kodi iliyolipwa miezi mitatu mbele. Hakuna aliyetuelekeza, lakini tangu siku ya mazishi hakuna kati yetu aliyesema anakwenda kwa mama. Tulisema, "Napita kuangalia nyumba." Sufuria zilikuwa zilezile. Kilichoondoka hakikuwa na uzito wa kubebwa, wala umbo la kupigwa picha.

Dar es Salaam kuna Kijiji cha Makumbusho, ambako tangu miaka ya 1960 nyumba za jadi za makabila mbalimbali zimejengwa upya, tembe ya Wagogo si mbali na msonge wa Wahaya. Jina lake limehamia kwenye stendi ya daladala, na konda anapolipigia kelele hakuna abiria anayefikiri kwamba neno hilo limetokana na kukumbusha. Kukumbusha ni kitenzi kinachodai mtu: humkumbushi asiyekuwapo, wala asiyewahi kujua. Anayeuingia msonge akiwa na bibi aliyekuza watoto katika msonge anakumbushwa. Mimi, mtoto wa vyumba vya kupanga, nafundishwa tu. Si vibaya, ila ni jambo jingine.

Na msonge una siri yake. Paa la nyasi hupenda moshi. Moto wa kupikia uliowaka humo kila siku ulikuwa ukizikausha nyasi na nguzo na kuwafukuza wadudu. Moto ukizimwa kwa kudumu, paa huanza kuliwa. Kwa hiyo nyumba ya namna ile ilitunzwa na watu waliopika ndani yake, wakikohoa na kulalamika kwamba moshi unawaumiza macho. Ukiwatoa ili uihifadhi, umemtoa mhifadhi.

Hapo nilikuwa tayari kuyahukumu maonyesho yote, na ndipo Lamu ikanizuia. Katika nyumba za mawe za mji ule, zile za karne ya 18, chumba kiitwacho ndani kilipambwa kwa zidaka: safu za vishubaka vya chokaa ukutani, vikiwekwa sahani na bakuli za kauri zilizovuka bahari kutoka China. Huo ni ukumbi wa maonyesho, tena ndani ya nyumba. Basi siwezi kudai kwamba kuonyesha ni adui wa nyumbani.

Lakini tazama njia ya kuzifikia zidaka hizo. Mgeni huanzia dakani, pale mlangoni, na wengi huishia hapo. Akiaminiwa huingia kiwandani, uani palipo wazi juu. Kisha vyumba viwili virefu, msana wa kwanza na msana wa pili, ndipo ndani. Nyuma ya ndani kuna nyumba ya kati, ambako watoto walizaliwa na maiti zilioshwa. Kila hatua ina idhini yake, na nyingine huchukua miaka, au posa. Leo moja ya nyumba hizo ni makumbusho, na kiingilio kinakufikisha kwenye zidaka kwa dakika chache. Vyumba ni vilevile. Kilichofutwa ni kusubiri. Nadhani hapo ndipo kero yangu ilipokuwa, wala si kwenye waya na misumari. Mada ilikuwa nyumbani, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.

Siku ya kufunga nilirudi kwa sababu nyingine kabisa, nilisahau mwavuli. Kuta zilikuwa zimeshavuliwa. Nje, chini ya mwembe, wasusi wanne walikuwa wakisubiri gari lililochelewa, na njaa haikusubiri nao. Mmoja alifungua furushi, akautoa ule mkeka, akaukung'uta mara mbili na kuutandika juu ya majani makavu. Wakatoa mihogo na chupa ya chai. Nikawaamkia, nikasogea kuuangalia kwa karibu, na mguu wangu ukafika ukingoni.

"Karibu, baba," alisema mkubwa wao, akinitazama miguuni. "Ila vua viatu."

Ukumbini nilikuwa nimesimama mbele ya mkeka huohuo saa nzima na viatu vyangu.

Nikavua.