Lestrade na Haki ya Kusamehe

Wasomaji wa hadithi za upelelezi wamezoea kumcheka Inspekta Lestrade wa Scotland Yard. Tangu alipotokea mara ya kwanza mwaka 1887, katika kitabu cha kwanza cha Arthur Conan Doyle juu ya Sherlock Holmes, kazi yake imekuwa kukosea ili mwingine apate kusifiwa. Ni mwembamba, uso wake kama wa panya, mwepesi wa kukamata na mzito wa kufikiri. Waliozisoma hadithi za Bwana Msa, alizozitunga Muhammed Said Abdulla wa Unguja, wanaijua desturi hii: mtu huru mwenye kiko chake huona, na askari wa serikali hutazama tu.

Walakini limo swali ambalo kicheko hicho hulifunika. Ni nani mwenye haki ya kumsamehe muuaji?

Na ichukuliwe hadithi ya Bonde la Boscombe, iliyochapwa mwaka 1891. Charles McCarthy ameuawa kando ya ziwa dogo, na mwanawe James ametiwa mbaroni, kwa kuwa walionekana wakigombana hapo muda mfupi kabla. Majirani waliomwamini kijana wamemtaka Lestrade aichunguze kesi kwa faida yake. Naye, ingawa aona ushahidi wote unamwelemea James, ndiye aliyempelekea Holmes habari. Jambo hili aghalabu husahauliwa. Holmes anagundua kwamba muuaji ni mzee John Turner, tajiri wa jirani, ambaye zamani alikuwa mnyang'anyi huko Australia, na ambaye McCarthy alimkamua mali kwa miaka mingi kwa kuijua siri hiyo. Turner ni mgonjwa wa kisukari, siku zake zahesabika. Holmes anamwandikisha maungamo, anayaweka, na kuahidi kuyatoa endapo tu James atahukumiwa. James anaachiliwa, Turner anakufa baada ya miezi saba, na karatasi haionekani mahakamani.

Hapana msomaji asiyemhurumia mzee yule. Lakini huruma ya Holmes ilitolewa kutoka katika mfuko wa nani? Aliyeuawa hakuwa baba yake. Katika sheria ya Kiislamu, inayojulikana vema katika pwani ya Afrika Mashariki, haki ya kusamehe damu ni ya warithi wa aliyeuawa: wao ndio wawezao kudai kisasi, au kupokea diya, au kusamehe bure. Sheria ya Kiingereza yasema vingine, kwamba kosa ni dhidi ya Taji, na msamaha ni wa Taji. Sheria hizi mbili zatofautiana kwa mengi, ila zote mbili zinakataa kwamba mpita njia mwenye akili nyingi aweza kusamehe kwa niaba ya wenyewe. James McCarthy hakuulizwa. Tena hadithi inadokeza kwamba atamwoa binti Turner, wote wawili wasijue kwamba baba wa mmoja alimuua baba wa mwingine. Asiyekuwapo na lake halipo. (Ajabu ni kwamba Holmes alimwahidi Turner kuwa siri haitaonekana na jicho la mwanadamu, kisha Daktari Watson akawapa wasomaji wa gazeti wote.)

Lestrade asingaliweza kutenda hivyo. Alikwisha kuambiwa alama za mtu anayetafutwa, mrefu, mwenye kutumia mkono wa kushoto na kuchechemea mguu wa kulia, naye akakataa kuzunguka mashamba akitafuta mtu wa namna hiyo, asije akachekwa na wenziwe. Huo ni upumbavu. Hata hivyo, upumbavu wake ulipelekwa mbele ya hakimu, mchana, ambako wakili aliweza kuujibu. Na hoja zilizomwokoa kijana ziliandikwa na Holmes mwenyewe. Kosa la Lestrade lilikuwa na mlango wa kusahihishwa. Kosa la Holmes, kama ni kosa, halina, kwa sababu hakuna aliyelijua wa kulipinga.

Isidhaniwe kwamba askari ametakasika. Katika hadithi ya mjenzi wa Norwood, ya mwaka 1903, Lestrade nusura ampeleke mtu asiye na hatia kwenye kitanzi. Holmes anamwonyesha mtu aliyedhaniwa kuuawa akiwa hai, amejificha nyumbani mwake, kisha anamshauri aibadili kidogo taarifa yake ili sifa ziende kwa polisi. Lestrade anafurahi. Hapo ndipo penye hatari hasa: mlango wa kusahihisha upo, lakini wenye funguo wanajali jina la ofisi kuliko ukweli.

Conan Doyle mwenyewe aliliona hilo nje ya hadithi. Oscar Slater alihukumiwa kifo mwaka 1909 kwa mauaji ya Marion Gilchrist, bibi mzee wa Glasgow, kisha adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 1912 Conan Doyle alitoa kitabu kidogo cha kumtetea. Holmes angeweza kufumbua jambo hilo kwa jioni moja. Mtungaji wake, pamoja na sifa zote alizokuwa nazo duniani, hakuweza kwa miaka mingi.

Aliyethubutu kusema kutoka ndani alikuwa askari kanzu wa Glasgow, John Thomson Trench. Mwaka 1914 alimpa wakili habari za ushahidi ambao haukufika mahakamani. Hakumsamehe mtu, wala hakuficha karatasi. Alitaka tu jambo lisikilizwe upya mbele ya watu. Uchunguzi ulifanywa faraghani, na hukumu ikaachwa kama ilivyokuwa. Trench alifukuzwa kazi. Alifariki mwaka 1919, Slater angali gerezani. Slater alitoka mwaka 1927, na mwaka uliofuata hukumu yake ikatanguliwa.