Data Yako Imelala Wapi?

Ndugu yangu mwenye duka Luthuli, na wewe dada wa zahanati kule Kangemi, na wewe wakili wa Westlands: data yenu imelala wapi usiku wa leo?

Msiniambie iko kwa kompyuta. Naijua kompyuta hiyo. Iko chini ya kaunta, kando ya kreti ya soda, imechomekwa ekstensheni moja na birika ya chai. Humo mna wadeni wote, mishahara yote, risiti zote. Mmeshasahau usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima?

Kodini! Kodini nafasi ya kuhifadhi data kwa wenye jenereta, walinzi na mafundi wanaokesha. Wapo hapahapa, shika Barabara ya Mombasa uulize. Kodini programu ya hesabu, mlipe kila mwezi.

Lakini ole wake mpangaji asiyesoma mkataba! Mbane huyo landilodi wa data kabla hujatoa hata shilingi. Siku nikihama, naondoka na vitu vyangu vyote? Kwa faili zinazofunguka kwingine, au kwa zile zinazofunguka kwako tu? Nikichelewa kulipa, unanifungia mlango au unafuta kila kitu? KRA inanitaka nitunze rekodi miaka 5. Wewe utazitunza mingapi? Akikujibu kwa tabasamu na kalenda ya bure, tafuta mwingine.

Tena uliza nakala ya pili iko wapi. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na waliokuwa wameweka kila kitu ng'ambo wakabaki kutazama kiduara kikizunguka kwenye skrini, wateja wamejipanga foleni.

Na usijifiche nyuma ya mwenye seva. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka wewe, siri za watu zikivuja na kuwaweka hatarini, umwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue. Dada wa Kangemi, yule mama hakumwambia mwenye seva ugonjwa wake. Alikuambia wewe, mlango umefungwa.

Basi Ijumaa hii, kabla ya kushusha shata, pakua orodha ya wadeni. Ifungue kwenye kompyuta nyingine, uisome kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho. Ikikataa kufunguka, mpigie simu landilodi wako kabla hajapanda matatu.