Kuuza Gari Lenye Ugonjwa

Mtu aliyeuziwa gari bovu pasipo kujua, je, aweza kumwuzia mwingine na kunyamaza? Swali hili lazigusa nyumba nyingi, maana magari mengi ya nchi yetu hununuliwa yakiwa yametumika, ama huko Japani, ama hapa hapa mikononi mwa watu wawili watatu.

Yafahamike kwanza ugonjwa wenyewe. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, maji huweza kupenya na kuchanganyika na oili, nayo oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Injini huchemka, na ikizidi kuendeshwa hivyo, silinda hedi hupinda. Ringi za pistoni zikilika, oili huungua pamoja na petroli, na moshi wa buluu hutoka nyuma. Fundi hana budi kuifungua injini. Mwenye gari hulipa leo, hulipa tena baada ya miezi mitatu, na akiba ya karo ya watoto huishia gereji. Hapo ndipo wazo la kuuza humjia. Njia za kuficha nazo zipo: oili nzito hupunguza moshi kwa siku chache, injini huoshwa ikang'aa, rejeta hujazwa maji alfajiri kabla mnunuzi hajafika.

Juu ya hila hizo hatuna haja ya kusema mengi. Ni uwongo wa mikono, na kila mtu aujua. Lililo gumu ni kunyamaza tu. Mnunuzi hakuuliza, na mwenye gari hakusema. Sheria ya uuzaji wa bidhaa tuliyoirithi kwa Waingereza, waliyoitunga kwao mwaka 1893, haimbani sana mtu wa namna hii: yeye si mfanyabiashara wa magari, na mnunuzi alikuwa na macho yake. Lakini dhamiri huuliza zaidi ya mahakama.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilichungua jambo hili katika karne ya 13, akitumia mfano wa farasi. Farasi mwenye jicho moja, kila mnunuzi amwona. Bei ikiwa imepunguzwa ipasavyo, muuzaji halazimiki kuitaja kasoro hiyo. Lakini kasoro iliyofichika, iwezayo kumtia mnunuzi hasara au hatari, yapasa aambiwe. Wala Thoma hakudai mtu apige mbiu sokoni, maana wanunuzi wangekimbia kabla ya kuyaona mazuri ya kitu kile. Alitaka aambiwe kila mmoja ajaye kununua. Twaiona busara yake. Gari lenye injini mbovu si takataka: lina bodi, gia, magurudumu na viti, na fundi aweza kulinunua kwa furaha akijua analolinunua.

Wako wasemao, "Nami niliuziwa mbuzi kwenye gunia; kwa nini hasara iishie kwangu?" Neno hili lina uchungu wa kweli, tusilicheke. Walakini aliyekukosea ni yule aliyekuuzia. Huyu ajaye leo na fedha zake za kahawa za misimu mitatu hakukukosea lolote. Ukilihamisha dai lako kwake, hukulipwa deni, umemtwalia asiyehusika. Naye atasema maneno yale yale kwa mtu wa tatu, mpaka gari lizimike likipanda Mlima Kitonga, limejaa watoto wa mtu wa nne.

Wengine huleta hoja yenye akili zaidi: wanunuzi wote hushuku, na shaka yao imekwisha kuipunguza bei. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof, mtaalamu wa uchumi aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alieleza jinsi shaka hiyo ifanyavyo kazi. Mnunuzi asiyeweza kupambanua zima na bovu hutoa bei ya katikati; mwenye gari zuri huona apunjwa, huliondoa sokoni; nayo mabovu husalia. Hoja hii yalieleza soko, lakini haimpi muuzaji ruhusa. Tuseme shaka hupunguza laki tano. Punguzo hilo hulipata wanunuzi wote, hata aliyebahatika kupata gari zima. Bali injini ya milioni tatu humwangukia mmoja peke yake. Tena ni nani aliyeizaa shaka hiyo, kama si hao hao walionyamaza?

Lasalia jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni la mtu aliyeuza pasipo kujua. Thoma asema hana dhambi. Lakini akipata kujua baadaye, adaiwa kumfidia mnunuzi. Wengi wataona huu ni ukali. Gari limekwisha kwenda, fedha zimekwisha kutumika, pengine hospitalini. Sisi twaona ni haki, kwa sababu bei ilipatanwa juu ya gari zima, na gari zima halikuwapo. Hatusemi alipe yote kwa siku moja. Wawili hao waweza kugawana gharama ya fundi, naye akatoa sehemu yake kidogo kidogo kila mwezi. Lakini wengi, waionapo namba ya mnunuzi juma la pili, huiacha simu ilie mpaka ikatike. Ndugu huyo na apokee, asikie fundi ameona nini, kisha wazungumze kiasi.