Mti wa Kumbukumbu

Mtu apandaye mti ili kuwaheshimu wazee wa taifa lake, awapa nini hasa? Waliokufa hawaketi tena kivulini. Basi yafaa kuuliza heshima hiyo imo katika nini.

Tarehe 5 Juni 1977, mjini Nairobi, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya waliandamana hadi uwanja wa Kamukunji, wakapanda miti saba. Kila mti ulikuwa kumbukumbu ya kiongozi mmoja wa zamani, nao viongozi hao walitoka katika makabila mbalimbali: Mekatilili wa Menza wa Wagiriama, Nabongo Mumia wa Wawanga, Gor Mahia wa Wajaluo, na wengineo. Hakuna kabila lililojitwalia taifa peke yake.

Lakini mingi ya miti hiyo baadaye ilikufa. Siku ya kupanda huwa na nyimbo na watu wengi. Siku ya kumwagilia huwa na mtu mmoja na ndoo yake. Heshima ya kweli hupimwa siku hiyo ya pili.

Neno hili lawahusu pia watu wa Kambove. Wenyeji walichimba na kuyeyusha shaba ya nchi hii kabla Wazungu hawajafika. Kisha, baada ya kampuni ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, watu waliletwa katika migodi ya Katanga kutoka Kasai, Rwanda na nchi iitwayo sasa Zambia. Wote walitoa jasho lao, na wengi walizikwa huku. Hata hivyo, miaka ya 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, nao wengi walilala katika kituo cha reli cha Likasi wakingoja garimoshi.

Basi mtu akipanda mti wa taifa, huku akimnyima jirani kivuli chake kwa sababu ya kabila, amemheshimu nani? Amewaheshimu wazee wengine na kuwakana wengine. Mkatekumeni ajifunzaye kuwaheshimu baba na mama akumbuke kwamba jirani naye ana baba na mama waliotaabika.

Kupanda mti wa kumbukumbu ni kuweka ahadi: kuutunza wakati wa kiangazi, na kuwasimulia watoto habari yote, ile ya sifa na ile ya aibu. Mti hauulizi kabila la ampaye maji, wala la apumzikaye chini yake. Aupandaye na afanye vivyo hivyo.